Endoskopia ilisema umio uko sawa, sasa naambiwa nirudie kwa kupakwa aidini. Kuna haja?

mama_wa_mwika aliuliza:

Habari zenu wadau, wakubwa shikamooni.

Niko Mwika, Kilimanjaro, nina miaka 44, nafundisha shule ya msingi. Naomba mwenye uelewa anisaidie maana nyumbani tumeshagawanyika.

Baba yangu alifariki kwa kansa ya koo la chakula, yaani umio, nikiwa sekondari. Alianza kukwamwa na nyama, ikaja zamu ya ndizi, akabaki anakunywa uji, mwisho na uji nao ukakataa. Mwaka juzi baba mdogo, wa tumbo moja na baba, akaondoka kwa ugonjwa huohuo. Aligundulika Julai, Krismasi hakuiona.

Mimi sikwamwi na kitu. Nina kiungulia tu, na mwaka jana kilinizidi nikaenda kumeza mpira wenye kamera, ile endoskopia, hospitali moja ya mjini. Karatasi ya majibu iliandikwa umio kawaida, tumbo lina wekundu, bakteria wa tumboni, H. pylori, wapo. Nikapewa dawa za wiki mbili, nikazimaliza, kiungulia kikatulia. Nikajua yameisha.

Mwezi uliopita nimempeleka mama kliniki ya presha, tukapiga soga na daktari kijana pale. Aliposikia habari za baba na baba mdogo akanyamaza kidogo, akaniambia nirudie kipimo, ila safari hii niende wanakopaka aidini kwenye umio, au wenye mashine ya mwanga wa bluu. Anasema cha mwaka jana kilitafuta vidonda, hakikutafuta kansa changa.

Mume wangu anasema hapo naliwa hela, mpira ni mpira, kitu kingekuwepo kingeonekana. Wifi yangu anasema aidini ile ya kupaka kwenye kidonda itanibabua ndani. Na mimi nikikumbuka ule mpira ulivyonitapisha, karibu nihamie upande wa mume wangu.

Je, ni kweli kamera inaweza kupita juu ya kansa isiione? Hiyo aidini inafanya nini? Na wakikuta kitu, si ndiyo nimeanza safari ya baba?

---

kijana_wa_mjini alijibu:

Dada achana na hao, hospitali ni biashara. Chemsha majani ya mstafeli, kunywa asubuhi na jioni. Kansa haisogei.

---

nesi_wa_mpira alijibu:

Marahaba mwalimu, na pole kwa wazee wako.

Mimi ni muuguzi wa chumba cha endoskopia. Kazi yangu ni kumlaza mgonjwa ubavu wa kushoto, kumshika kichwa, kumpa daktari vifaa, na mpira ukitoka kuuosha. Sisomi majibu ya patholojia wala sikuandikii dawa. Ila skrini ile naitazama kutwa, kwa hiyo hili lako naweza kulijibu.

Kijana wa mjini, stafeli ni tunda tamu, tule. Tusimpotezee mwalimu muda.

Swali lako la kwanza: ndiyo, kamera inaweza kupita juu yake isionekane, na huyo daktari wa kliniki ya presha amesema jambo ambalo wengi hawasemi. Kansa ya umio ya huku kwetu huanzia kwenye ngozi laini ya ndani, kwenye seli za tabaka la juu kabisa. Ikiwa changa hivyo haina uvimbe wala kidonda. Unaangalia sehemu ya waridi katikati ya waridi, labda imepauka au imekwaruzika kidogo tu. Aliyekamatwa na ugonjwa kama baba yako, huyo hahitaji mbwembwe. Mwanga mweupe wa kawaida unatosha, uvimbe uko mbele yako na mpira wenyewe haupiti. Mbinu hizi ni za mtu kama wewe ambaye hakwamwi na kitu.

Watu walishapima tofauti hiyo. Kule Linxian, China, wilaya ambayo kansa hii imeua watu vizazi na vizazi, walichukua watu wakawaangalia kwanza kwa mwanga wa kawaida, kisha wakawapaka aidini wakaangalia tena palepale. Matokeo yalitoka 1998. Kwa macho bila rangi walipata kama 62 katika kila sehemu 100 zilizokuwa na mabadiliko makubwa ya seli au kansa. Baada ya aidini wakapata 96. Mgonjwa ni huyohuyo na mpira ni uleule, mwambie shemeji.

Aidini yenyewe. Tunaiita Lugol, kwa jina la daktari Mfaransa aliyeitengeneza mwaka 1829. Seli nzima za umio zina akiba ya sukari, glikojeni. Aidini ikikutana na glikojeni inageuka kahawia. Seli zinazoanza kuharibika huzaliana ovyo na akiba ile inapungua au inakwisha, kwa hiyo hazishiki rangi. Daktari anaingiza kijineli chembamba ndani ya mpira, ananyunyiza kuanzia chini umio unapokutana na tumbo, anapanda nao taratibu. Muda mfupi tu umio mzima unakuwa kama ubao wa mninga uliopigwa vanishi. Pale pasipokubali rangi panabaki doa la njano, mipaka yake imekatika waziwazi. Tukisubiri dakika mbili tatu, baadhi ya madoa hayo yanageuka waridi. Doa kubwa kuliko milimita 5 linalogeuka waridi ndilo linalomfanya daktari aache kupiga stori aombe koleo la kukatia kinyama.

Kama umewahi kupimwa mlango wa kizazi kwa siki pale zahanati, wazo ni la ukoo mmoja. Na aidini hii kwenye mlango wa kizazi ilianza kutumika Vienna mwishoni mwa miaka ya 1920, kabla sisi wa umio hatujaiazima.

Nisikudanganye kuwa kila doa ni balaa. Sehemu iliyochubuliwa na asidi nayo hukataa rangi. Palepale Linxian aidini iliongeza pia madoa ya uongo, ndiyo maana hakuna anayesema "kansa" kwa kutazama doa. Kinakatwa kinyama kidogo, kinaenda maabara, majibu yanasubiriwa. Kwenye hizo siku za kusubiri ndipo watu huhangaika kuliko kwenye mpira wenyewe, ujue hilo mapema.

Wifi naye ana hoja kidogo. Inaunguza. Si kubabua, lakini kifua kinawaka nyuma ya mfupa, wengine wanashika godoro. Kuna maji ya dawa, sodiamu thiosalfeti, yananyunyizwa mwishoni, yanaifuta rangi na maumivu yanashuka, kisha tunafyonza aidini iliyotuama tumboni. Muulize daktari mapema kama wanayo. Mahali wanapopaka Lugol bila kuwa na ya kuifuta, mimi binafsi ningewauliza mara mbili.

Sasa mwanga wa bluu. Kwenye mkono wa mpira kuna kitufe. Ukikibonyeza, mashine inachuja mwanga, inabakiza mikanda miwili myembamba, mmoja wa bluu kwenye nanomita 415 na mwingine wa kijani kwenye 540. Kwa nini hiyo? Kwa sababu himoglobini ya damu inaumeza mwanga huo sana. Basi kila kimshipa cha juu kinajichora kahawia kwenye utando uliofifia, na mishipa ya chini zaidi inaonekana ya samawati. Kansa changa inavuta mishipa mipya iliyovimba na kujisokota ovyo, kwa hiyo kwa mbali unaona kiraka cha kahawia, na ukisogeza kamera na kuvuta picha unaviona vitanzi vya mishipa vimevurugika. Daktari Haruhiro Inoue wa Japani ndiye aliyevipanga vitanzi hivyo kwa madaraja, mpaka leo madaktari wanamtaja juu ya mgonjwa. Kwenye mashine nyingi utaona imeandikwa NBI, kampuni nyingine zina majina yao. Hakuna kunyunyiza wala kuungua. (Nyongo chini ya mwanga huo inageuka nyekundu. Wanafunzi wakiiona mara ya kwanza wanaruka wakidhani mgonjwa anatoka damu.)

Wajapani waliujaribu kwa watu wenye hatari kubwa, matokeo yakatoka 2010: kansa changa za umio zilizopatikana kwa mwanga huo zilikuwa asilimia 97, kwa mwanga mweupe asilimia 55. Lakini wale ni Wajapani waliokaa na mashine hizo miaka. Kitufe hakimfundishi mtu kuangalia.

Na hapa ndipo roho yangu ilipo, mwalimu, nivumilie. Umio una takriban sentimita 25. Mwenye kutafuta vidonda vya tumbo anaupita kama korido, anakimbilia tumboni, kisha anatoka anavuta. Hajakosea. Ameombwa atafute vidonda na amevipata. Sehemu ya juu karibu na koromeo ndiyo mbaya zaidi, mgonjwa anatapika pale na kila mtu anataka itoke haraka. Pengine kuna povu na makamasi yamefunika utando, na doa la milimita chache liko chini yake limestarehe. Sehemu ninazoona kazi inafanyika vizuri, mgonjwa ananyweshwa kwanza dawa ya kuvunja povu, simethikoni, umio unaoshwa kwa maji, daktari anarudi taratibu na anapiga picha kila baada ya sentimita kadhaa. Hayo hayahitaji mashine ya bei mbaya hata moja.

Kwa hiyo kabla ya yote tafuta ile karatasi ya mwaka jana. Kuna picha za umio? Ngapi? Wameandika popote kwamba walipaka rangi au walibadili mwanga? Tuambie.

Swali la mwisho, la safari ya baba, nitalirudia. Kuna mtu analetwa hapa kwa kitanda.

---

chep_bomet alijibu:

Habari mwalimu, mimi ni wa Bomet, Kenya. Huku kwetu hii ugonjwa tunaijua kwa majina. Wataalamu wanasema kuna ukanda wake unaoteremka kutoka Ethiopia kupitia Kenya, Uganda, Tanzania, Malawi hadi Eastern Cape kule Afrika Kusini. Moshi yenu na Bomet yetu ni ukanda mmoja.

Hospitali ya Tenwek hapa Bomet ilifanya ile kitu unaambiwa ufanye. Walichukua watu wazima wa kawaida, hawana dalili yoyote, wakawapima kwa endoskopia na Lugol. Ilichapishwa 2016. Zaidi ya mtu mmoja kwa kila kumi alikuwa na mabadiliko ya seli kwa umio. Sio kansa, mabadiliko. Na hao ni watu walikuwa wanakamua ng'ombe zao asubuhi hiyo.

Mamangu alishapimwa hivyo, si kwa huo utafiti, baadaye. Alipatikana na mabadiliko ya kiwango cha chini, akaambiwa arudi kuangaliwa tena. Alilalamika kifua kinawaka, ni kweli inawaka. Kufika tu nyumbani akaitisha chai ya moto. Tulimnyima.

Yuko sawa, anarudi kuangaliwa kila anapoitwa, na bado anatulaumu kwa hiyo chai.

---

msafiri_leicester alijibu:

Nichangie kutoka Uingereza. Mimi nina kitu kinaitwa Barrett, utando wa chini ya umio umebadilika kwa sababu ya asidi ya miaka mingi. Huku hiyo ndiyo wanayoihangaikia zaidi, inazaa kansa ya aina nyingine, ya seli zinazotoa ute, sehemu ya chini. Kwangu hawatumii aidini. Wananyunyizia siki, utando unakuwa mweupe, na pale panapopoteza weupe mapema kuliko pengine ndipo wanapokata. Juu ya hapo wanakata vinyama vinne kila baada ya sentimita 2, hata kama hakuna kinachoonekana.

Nasema hivi kwa sababu mwalimu anaweza kusoma intaneti akakuta habari za Barrett akachanganyikiwa. Yako si hii. Nesi atanisahihisha.

---

mama_wa_mwika alijibu:

Jamani asanteni, machozi yamenitoka kidogo kwa mama wa chep na chai yake.

Nesi, karatasi nimeipata. Picha ziko nne. Tatu nadhani ni za tumbo, moja imeandikwa umio, chini kabisa pale mlangoni. Hakuna mahali wameandika rangi wala mwanga. Mume wangu ameiangalia, amekaa kimya, hajasema tena naliwa hela.

Kuna jambo sikulisema. Nikiwa na miaka thelathini na kidogo nilitibiwa tezi ya shingo, ile ya moyo kwenda mbio na kukonda. Nilitumia dawa muda mrefu nikapona, siku hizi sinywi kitu. Aidini haihusiani na tezi?

---

nesi_wa_mpira alijibu:

Inahusiana sana, na ni vizuri umelitaja kabla hujalala kitandani. Tezi iliyowahi kufanya kazi kupita kiasi inaweza kuamshwa na aidini. Lugol hatumpaki mwenye tatizo hilo, wala mwenye mzio wa aidini, wala mjamzito. Sasa wewe ulipona, lakini uamuzi huo ni wa daktari wako, pengine atataka kwanza kipimo cha damu cha tezi. Ukimwambia hivyohivyo ulivyotuandikia, nadhani atakupeleka kwenye mwanga wa bluu. Kwa hiyo wewe tafuta mahali wenye mwanga huo na daktari aliyezoea kuutumia, na umtajie tezi hata kama hajakuuliza. Usingoje fomu. Fomu nyingi zinauliza mzio wa dawa, haziulizi tezi.

Msafiri wa Leicester yuko sahihi, sina la kusahihisha.

Picha moja ya chini haitoshi kusema umio wote ulikaguliwa, ila haimaanishi kuna kitu. Usilale macho wazi kwa sababu yangu.

Sasa lile la safari ya baba. Nililiacha kwa sababu sitaki kulijibu kwa mstari mmoja.

Duniani mwaka 2022 walikadiriwa wagonjwa wapya wa kansa ya umio kama 511,000, na waliokufa kama 445,000. Ona namba hizo mbili zilivyokaribiana. Zimekaribiana kwa sababu wengi hugunduliwa pale baba yako alipogunduliwa, chakula kimeshakataa kupita. Kukwama kwa chakula ni dalili ya kuchelewa, umio unatanuka, unavumilia mpaka nafasi imebaki ndogo sana.

Kinachotafutwa kwako kiko miaka mingi kabla ya hapo. Turudi Linxian. Waliwafuatilia watu waliowakata vinyama kwa miaka 13 na nusu. Waliokuwa na mabadiliko ya daraja la chini, asilimia 24 walipata kansa katika muda huo. Daraja la kati asilimia 50, daraja la juu asilimia 74. Hata waliokuwa na umio mzima kabisa asilimia 8 waliipata, ujue pale ni mahali pabaya kiasi gani, namba zao usizihamishie Mwika zilivyo. Nilichotaka uone ni urefu wa muda. Mwenye daraja la chini, wengi wao hawakufika huko, kazi ni kurudi kuangaliwa kama mama wa chep. Mwenye daraja la juu hasubiriwi, anatibiwa, na mara nyingi anatibiwa kwa mpira huohuo: utando wa juu unanyonywa, unafungwa kipete cha mpira, unakatwa kwa waya wa umeme. Au unachomwa kwa mawimbi ya redio. Hafunguliwi kifua. Kansa ikiwa bado imekaa kwenye tabaka la juu kabisa ni nadra sana kuwa imeshafika kwenye tezi za limfu, kwa hiyo ukiikata imeondoka. Ikishazama chini zaidi mambo yanabadilika, huko ni upasuaji, mionzi na dawa.

Na kuna ushahidi kwamba kupima hivi kunaokoa watu. Cixian, mkoa wa Hebei hukohuko China, walipima mara moja tu kwa aidini watu wa miaka 40 hadi 69 kwenye baadhi ya vijiji, waliokutwa na kitu wakatibiwa. Baada ya miaka 10 waliokufa kwa kansa ya umio kwenye vijiji hivyo walikuwa asilimia 3.35, kwenye vijiji vya kulinganisha asilimia 5.05. Hao ni shangazi na wajomba za watu.

Ila uliza kabla hujapanda gari: wakikuta daraja la juu, wanaweza kulikata hapohapo au wanakupeleka wapi? Si kila hospitali yenye kitufe cha bluu ina vifaa vya kukatia. Na bima yako inalipa kipi, kipimo tu au na kinyama? Kinyama huwa na bili yake pembeni, watu wanashtuka dirishani.

---

teknolojia_kwanza alijibu:

Wakuu mbona tunateseka na mipira wakati kuna kidonge chenye kamera unameza tu? Na akili bandia siku hizi inasoma picha kuliko daktari. Nesi, hamjafikiwa?

---

nesi_wa_mpira alijibu:

Tumefikiwa, mkuu, tunavijua.

Kidonge cha kamera kiliruhusiwa Marekani mwaka 2001. Kilitengenezwa kwa ajili ya utumbo mwembamba ambako mpira haufiki kirahisi, na huko kina maana. Kwenye umio kinaporomoka kwa sekunde chache, hukisimamishi, huoshi povu, hunyunyizi kitu, na ukiona doa huna cha kukatia. Utarudi kwenye mpira uliokuwa unaukimbia.

Akili bandia: programu ya kwanza ya endoskopia kuruhusiwa Marekani, Aprili 2021, ni ya utumbo mpana. Daktari akiwa anavuta mpira, programu inachora kisanduku cha kijani juu ya kinundu inachokishuku. Inamwamsha mtu aliyechoka saa tisa alasiri, na mimi naipenda kwa hilo. Za umio zipo, Wajapani na Wachina wanazifanyia kazi sana. Lakini inasoma kile kamera ilichoonyeshwa. Sehemu iliyofunikwa na makamasi, au ile ya juu iliyopitwa kwa haraka, programu nayo haijaiona. Siku mtakapotuletea ya kuosha umio nitapiga vigelegele.

---

mama_wa_mwika alijibu:

Nimempata yule daktari kijana kwa simu, nimemweleza tezi. Ameshukuru, ameniandikia kipimo cha damu kwanza, na ameahidi kuniulizia daktari anayetumia mwanga wa bluu. Nikampa na yale maswali ya kukata hapohapo, akacheka, akauliza nani amenifundisha.

Mume wangu sasa anauliza kama na yeye apimwe. Ana miaka 50, kwao hakuna mwenye kansa hii, sigara aliacha, mbege anakunywa Jumapili. Chai ndiyo ugonjwa wake. Anaimimina kutoka jikoni inachemka, anakunywa hapohapo, ikipoa anairudisha ichemshwe upya.

---

nesi_wa_mpira alijibu:

Kwa shemeji, asiye na dalili na asiye na ndugu mwenye ugonjwa, mimi nisingemkimbiza kwenye mpira. Hizo nafasi ni chache na foleni ina watu wanaokwamwa. Akianza kukwamwa hata na nyama tu, hata mara moja moja, au akipungua uzito bila sababu, hapo asingoje.

Chai ndiyo tuongee. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa kansa la WHO lilitangaza kwamba vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 huenda vinasababisha kansa ya umio. Tatizo liko kwenye moto, majani ya chai hayana kesi. Na watu walishapita Kilimanjaro na vipimajoto, wakakuta watu wanaanza kunywa ikiwa karibu nyuzi 70. Shemeji anaimimina birika likiwa jikoni bado, huyo yuko juu ya hapo. Asiiache chai, aiache ikae kikombeni kwanza. Maziwa baridi kidogo yanasaidia kama hana subira.

Wewe siku ya kipimo usile kuanzia usiku, maji meupe acha saa mbili kabla ya kipimo, au kama watakavyokuelekeza pale. Ukiambiwa kuna sindano ya usingizi ikubali, ile ya kukufanya usinzie, maana mgonjwa aliyetulia ndiye daktari anayeweza kumwangalia taratibu mpaka kule juu koromeoni. Uje na mtu wa kukurudisha, usishike usukani siku hiyo. Ile karatasi yenye picha nne uibebe. Na kama una jino la bandia, litoe umpe shemeji akushikie.